Mzee wa Breki ya Mbele

Ukimpelekea skuta iliyotolewa breki ya mbele, alikuwa anaifunika na gunia. Alichukua gunia la mahindi lililotundikwa mlangoni, akalitandaza kutoka kwenye usukani hadi kwenye kiti, kisha akarudi kwa kazi yake kana kwamba hujafika. Wageni walidhani amerukwa na akili. Sisi tuliomzoea tulingoja tu, kwa maana baada ya dakika chache angeuliza bila kuinua kichwa, "Waya wake uko wapi?" Ukisema uliutupa, unarudi nyumbani kwa miguu. Ukisema uko kwa mfuko, gunia linaondolewa na unaletewa chai.

Kibanda chake kilikuwa Langas, pembeni mwa mji wa Eldoret, nguzo nne na mabati ya kuokoteza, picha ya Rais juu ya mlango kama ilivyokuwa katika kila duka miaka hiyo. Mimi nilikuwa msichana mpimaji wa maziwa katika chama fulani cha ushirika. Tulikuwa wapimaji sita, kila mmoja na skuta yake, tukizunguka mashambani kutoka Yamumbi mpaka kule Kesses kupima maziwa ya wakulima kabla hayajapakiwa kwa lori. Skuta zote sita zilikuwa mikononi mwa mzee huyu. Ndizo zilizomweka mjini. Ukiziondoa hizo, alibaki na pancha za baiskeli na majiko ya mafuta ya akina mama. Nilimjua miaka kumi na zaidi, na sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi. Jina lake lilikuwa kwenye kadi ya chama tawala, na hiyo kadi aliitoa mfukoni siku za kuingia sokoni tu, ilipodaiwa langoni. Kwetu alikuwa Mzee wa Breki, basi.

Wacha nieleze habari ya hiyo breki, maana vijana wa siku hizi watasema natia chumvi. Eldoret ya wakati ule kila mtu alijua kwamba breki ya mbele inaua. Ukiishika, skuta inakutupa. Kwa hivyo mtu akinunua skuta, jambo la kwanza lilikuwa kuipeleka kwa fundi aung'oe waya wa mbele. Nimeona nyaya za breki zimefungia malango ya ng'ombe, nimeona mmoja unashikilia mlango wa choo cha shule. Walibaki na breki ya mguu, ile ya nyuma, wakajiona werevu. Walimu, makarani, hata padri, wote. Mimi mwenyewe nilipokabidhiwa skuta yangu nilikuta waya haupo, na nikamshukuru Mungu.

Mzee alipigana na jambo hili peke yake. Hakutaka utajiri wala cheo. Alitaka kila skuta inayopita Langas iwe na breki mbili, na mwenye skuta ajue kuzitumia zote. Siku moja alimwomba chifu dakika mbili kwenye baraza, baada ya mambo ya serikali kumalizika. Chifu, mtu mpole, akakubali. Mzee akasimama na mkono wa breki aliokuwa ameufungua kutoka kwa skuta ya mtu, akaongea mpaka jua likatoka upande huu wa uwanja likaenda upande ule. Watu walipiga makofi, wakaenda nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyerudisha waya.

Mimi alinifundisha kwa maziwa. Nilikuwa nimeleta yangu ya chai, nusu sufuria, akaichukua bila kuuliza, akaiweka pale mbele skuta inapokanyagwa na miguu. Akaisukuma skuta hatua kama kumi, akaisimamisha ghafla. Maziwa yakaruka yakamwagikia viatu vyake.

"Yameenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia yameenda kwa viatu vyako, Mzee, na hiyo ilikuwa chai yangu.

"Yameenda mbele," akasema. "Na wewe ni maziwa, mami. Ukisimama, uzito wako wote unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linabaki jepesi kama kuku. Sasa wewe na wenzako mnashika lile jepesi. Mnashika hewa."

Nilikasirikia maziwa yangu wiki nzima. Lakini kila nilipofunga breki njiani nilijiona ndani ya ile sufuria, na nikajua mzee ana jambo.

Ugumu ni kwamba wale waoga hawakuwa waongo. Watu walikuwa wanaanguka kweli. Hilo yeye alilikubali bila kinyongo, na ndilo lililonifanya nimwamini. Alisema gurudumu linalozunguka linashika barabara, lakini ukilibana mpaka likwame, halishiki tena kitu. Linateleza tu kama kiatu kwenye tope, na kama ni la mbele, unalala chini kabla hujasema Yesu. Kwa hivyo kazi yote iko kwa vidole. Unabana kidogo kidogo mpaka karibu likwame, unaachia nukta moja, unabana tena. Bana, sikia, achia, bana. Vidole viwili, si mkono mzima. Mkono mzima, alisema, ni wa kuvuta ng'ombe.

Akanipa kipande cha sabuni kilicholowa maji. Nikishike kwa vidole viwili, hewani, kisianguke. Ukilegeza kinaponyoka, ukikaza kinaruka. Wiki mbili za saa ya chakula cha mchana nilikuwa natafuta sabuni chini ya benchi la Langas, huku redio ikisoma taarifa ya habari na kutueleza Rais ametembelea wapi. Nilinuka sabuni mpaka karani wetu akaniuliza kama nimepata mchumba. Siku sabuni ilipotulia kwenye vidole vyangu, Mzee hakunisifu. Aliniambia sasa nifunge macho nisikilize. Tairi kwenye kokoto lina sauti yake, alisema, na likikwama sauti inakatika wakati wewe bado unaenda. Sauti ikikatika, achia. Usifikirie, achia.

Mtu huyu aliyetufundisha kuachia na kubana kwa utaratibu, mdomo wake haukuwa na breki yoyote. Alimwambia mke wa meneja wetu, mbele ya watu, kwamba anaendesha gari kama anayefukuza mwizi. Kanisani aliimba akiwatangulia wenzake. Mwalimu wa kwaya alipofika ubeti wa pili, yeye alikuwa amemaliza wa tatu na ameketi anafuta jasho. Akikasirika alirusha spana, lakini alirusha moja tu, na baada ya kuirusha kazi ilisimama, kwa sababu ilikuwa namba kumi na tatu na hakuwa na nyingine. Wateja wote tuliinama kwenye majani kuitafuta, na yeye akituelekeza kwa ukali kana kwamba ni sisi tumeipoteza.

Na skuta yake mwenyewe, aibu tupu. Breki zote mbili zilikuwa safi, hapo huna neno. Lakini honi haikulia, taa ilikuwa imefungwa kwa mpira, na kiti kilikuwa kitambaa cha shuka. Akitaka kupita alipiga kelele mwenyewe kwa mdomo, "Piip, piip," mzee mzima mwenye mvi. Kumbeba ndiyo ilikuwa adhabu. Nilimbeba mara moja kwenda Kesses, ambako chuo kikuu kilikuwa kinajengwa na alikuwa ameitwa kutazama pikipiki ya mhandisi mmoja. Kutoka mjini mpaka huko alinishika mbavu kwa mikono miwili na kufunga breki kwa miguu yake chini. Kila baada ya jiwe nilisikia "Achia" nyuma ya sikio langu, na sijashika kitu. Tulipofika, soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeisha, akasema ni mimi nimeimaliza.

Sasa nije kwa siku ya mlolongo, maana nikimtaja mahali popote Eldoret, ndiyo siku watu wanayoikumbuka.

Msimu wa mvua, mwenzetu Kosgei aliteleza njia ya Yamumbi akavunjika mfupa wa bega. Alikuwa na breki ya mbele, Mzee alikuwa amemrudishia kwa nguvu wiki hiyo hiyo, na Kosgei hakuwa amekubali kukaa hata dakika moja na sabuni. Alisema yeye si mfuaji nguo. Basi alipoona mbuzi mbele yake alishika mkono mzima, na mbuzi akaendelea na safari yake. Meneja wetu akatoa amri: skuta zote sita zitolewe waya wa mbele, Jumatatu. Mzee akaja Jumatatu, akafika uani, akaweka sanduku lake la vifaa chini na kulikalia. Akasema hatatoa. Meneja akamwambia kwa upole kwamba kuna mafundi wengine mjini, na huyo atakayetoa waya ndiye atakayeshika kazi ya skuta za chama kuanzia leo.

Kila mtu pale alijua maana yake. Bila skuta zetu kile kibanda kisingefika Krismasi. Nilimwangalia Mzee nikaomba kwa Mungu huyu mzee ajifanye mjinga siku moja tu, atoe nyaya, tuje tuzirudishe kisirisiri. Yeye akasema, "Bwana Meneja, uliza hao wanaopanda."

Ulikuwa mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo. Nchi nzima ilikuwa imetoka kupanga foleni nyuma ya wagombea, na meneja wetu alipenda mambo ya kisasa. Akasema haya, tupige mlolongo. Wanaotaka waya utolewe wasimame nyuma ya Kosgei, ambaye alikuwa hapo na mkono kwenye kitambaa shingoni. Wanaotaka ubaki, nyuma ya Mzee.

Tulikuwa tisa: wapimaji sita, karani, mlinzi na mama wa jikoni. Nilienda nikasimama nyuma ya Mzee. Mama wa jikoni akaja nyuma yangu, kwa sababu alikuwa amemtengenezea jiko. Wengine wote walikwenda kwa Kosgei. Wawili kwa saba, pamoja na Kosgei mwenyewe.

"Kabla hujahesabu," Mzee akasema, "wacha waone kitu wanapigia kura."

Uwanja wetu una mteremko, kutoka lango hadi pale mikebe ya maziwa inapopangwa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, tope jekundu lilikuwa linang'aa. Mzee akachora mstari wa majivu katikati. Kila mpanda skuta ashuke kwa mwendo wa kawaida, akifika kwenye majivu afunge breki, tuone nani atasimama kabla ya mikebe. Akashuka kwanza mwenzetu mmoja ambaye waya wake alikuwa ameutoa tena bila Mzee kujua, mpandaji hodari kuliko sisi wote. Alipokanyaga breki ya mguu, gurudumu la nyuma likateleza, likaja upande kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi, na skuta ikaendelea kushuka bila haraka mpaka ikaingia kwenye mikebe. Mikebe iligongana kwa kelele, ikabingirika mpaka jikoni. Watu wakacheka, wakasema hilo ni tope, hakuna breki ya tope.

Kisha zamu yangu. Sitasahau ile safari fupi. Macho yote kwangu, Meneja amekunja mikono, na mzee amesimama kando ya mikebe akinitazama kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Nilijua kama nitaanguka, namwangusha yeye. Nikafika kwenye majivu. Sabuni yote ikanitoka kichwani, nikashika breki mkono mzima, na kitu kilichofuata nilikuwa nimelala chini, mdomo umejaa tope.

Kosgei alisema, bila ubaya, "Si niliwaambia."

Mzee alikuja. Hakuniinua mimi wala skuta. Alichuchumaa karibu na kichwa changu akauliza kwa sauti ndogo, "Ulisikia?"

Nilikuwa nimesikia. Ile sauti ya tairi ilikatika, nikaisikia ikikatika, na vidole vikakataa kuachia. Nikamwambia ndiyo, Mzee, nilisikia.

"Basi unajua. Rudi juu."

Nikaona afadhali ningekufa. Lakini nilirudi juu, sketi imelowa, na Meneja hakunizuia, nadhani kwa huruma. Nikashuka tena. Mara hii sikuangalia mtu. Kwenye majivu nikashika vidole viwili, nikasikia tairi, likaanza kunyamaza, nikaachia, likarudi, nikabana, nikaachia, nikabana. Skuta iliinama pua kama ng'ombe anayekunywa maji na ikasimama. Kati yangu na mkebe wa kwanza palikuwa na nafasi ya mtu kupita na ndoo. Mama wa jikoni alipita hapo kweli, na ndoo, kwa maringo, kuwaonyesha.

Meneja akawaambia watu warudi kwenye mlolongo wao, achague anayetaka kuchagua upya. Nikangoja wahamie kwetu. Hakuna aliyehama. Si kwamba hawakuona, waliona vizuri sana. Lakini ni nani angekuwa wa kwanza kuvuka uwanja mbele ya Kosgei na bega lake? Walisimama pale wakitazama viatu vyao. Saba kwa wawili, kama mwanzo.

Meneja akapita katikati akihesabu kwa kidole, mlolongo wa Kosgei polepole, wa Mzee polepole. Akarudi mbele, akakohoa.

"Mlolongo wa Mzee ndio mrefu," akasema. "Karani, andika."

Karani, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye ule wa watu saba, aliandika. Hakuna aliyebisha. Mwaka ule sote tulikuwa tumeona mambo ya mlolongo, mirefu ikiitwa mifupi mchana kweupe, na tulikuwa tumerudi nyumbani kimya. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuona jambo hilo likifanywa kwa faida ya mtu kama sisi, na naapa niliona mabega yakishuka kwenye ule mstari wa saba, kwa raha. Jioni, watu watatu walikuwa Langas wanatafuta sabuni chini ya benchi. Kosgei alikuja bega lilipopona, akasema amepita tu.

Mzee hakusema asante kwa mtu yeyote. Mimi aliniambia nilichelewa kuachia mara ya pili pia, kidogo.

Miaka ilikwenda. Vyama vya siasa vikawa vingi, skuta zetu zikauzwa, nikaacha kazi nikafungua duka la maziwa Kesses, wateja wangu wanafunzi. Mzee alifunga kibanda akahamia kwake Yamumbi na mkewe. Nilimtembelea mara moja moja, halafu si sana, kama inavyokuwa. Halafu nikanunua skuta mpya ya kupelekea maziwa, na yule aliyeniuzia akanieleza breki yake, nikajua ni lazima niende Yamumbi.

Nilimkuta barazani, fimbo kando, mvua ndogo inanyesha. Nikamweleza kwa lugha aliyonifundisha yeye. Nikamwonyesha sahani ya chuma yenye matundu pale kwenye gurudumu la mbele, na kando yake kidude kidogo kama sikio. Nikamwambia kidude hicho kinasikiliza gurudumu linavyozunguka. Likitaka kukwama wakati skuta bado inaenda, kinaambia kisanduku kilicho ndani, na kisanduku kinaachia breki chenyewe, halafu kinabana, kinaachia, mara nyingi kabla wewe hujapepesa jicho. Mtu anashika tu mkono mzima, kama anavuta ng'ombe, na haanguki.

Aliniuliza maswali ya fundi. Barabarani pakiwa na mchanga? Betri ikifa? Nikamwambia betri ikifa inabaki breki ya kawaida, ni wewe na vidole vyako. Hilo lilimfurahisha kidogo. Kisha akanyoosha mkono akaomba ufunguo.

Mkewe alitoka jikoni akasema Mama Maziwa, huyu mtu ukinirudishia amevunjika utamchukua ukae naye. Mzee alikuwa ameshapanda. Alipanda mpaka juu ya shamba, akashuka kwenye nyasi zilizolowa kwa kasi iliyonifanya nisimame, na pale chini akashika breki. Mkono mzima, nguvu zake zote. Maisha yake yote hakuwahi kufanya hivyo. Skuta ikatetemeka tik-tik-tik na ikasimama wima. Yeye akabaki ameketi, akitazama mkono wake. Halafu akageuza akapanda tena. Mara saba alishuka. Mara ya tano alikuwa anacheka kwa sauti, na mkewe, aliyekuwa ametoka kumkemea, akaketi karibu nami akacheka pia.

Alipochoka alikuja akaketi, akanirudishia ufunguo, viatu vimejaa nyasi. Nilingoja aikosoe.

"Ni nzuri," akasema mwishowe. "Inafanya kazi yangu yote, na haichoki." Akafuta maji ya mvua usoni. "Ingekuja mapema, mami, mimi na wewe hatungejuana."

Nilikuwa nimesema nitakaa dakika kumi, wanafunzi wananingojea maziwa. Nilikaa mpaka mkewe akaleta chakula cha jioni.